Chumba cha mwisho hakishiki waifai: usipandishe kifurushi, vuta waya

Swali: "Mwanangu, habari za kazi. Nyumba yetu ipo Tegeta, ya tofali za saruji, vyumba vinne na korido katikati. Tuna intaneti ya faiba ya megabiti 20. Rauta ipo sebuleni ndani ya kabati la televisheni, palepale mafundi walipoiacha siku ya kufunga. Sebuleni mambo mazuri, lakini chumba cha mwisho upande wa uani, anakolala kijana wangu, waifai inashika alama moja na mara inapotea. Yuko chuo, baadhi ya vipindi anasoma kwa video, na inambidi abebe laptop aje akae korido. Nilishauriwa ninunue kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kuongeza mawimbi. Nimekichomeka chumbani kwake, alama zinajaa lakini video bado inaganda. Sasa naambiwa nipandishe kifurushi kiwe cha megabiti 50. Nipandishe?"

Shikamoo mama, na pole kwa usumbufu. Pole zaidi kwa kijana anayesikiliza mhadhara akiwa amekaa sakafuni korido.

Usipandishe. Umeandika mwenyewe kwamba sebuleni mambo mazuri, maana yake zile megabiti 20 unazozilipia zinafika nyumbani kwako. Kipindi cha video hakili zaidi ya megabiti 3 au 4 kwa sekunde, kwa hiyo kinachofika kinamtosha yeye, wewe na wadogo zake kwa wakati mmoja. Kinachokwama ni zile mita kumi na kitu kutoka kabati la televisheni mpaka mezani kwake. Ukilipia 50, hizo 50 zitafika sebuleni salama salimini, halafu zitakwama palepale zilipokwama 20. Ni kama kujaza tenki huku mpira umekunjika uani.

Naomba usinunue kitu kingine chochote mpaka umalize kusoma. Kwa nyumba kama yako mara nyingi vifaa vinavyotakiwa vimeshanunuliwa tayari, ila vimekaa pabaya.

Kwanza pima. Zile alama za waifai kwenye simu hazitoshi, kwa sababu kila mtengenezaji anazichora anavyotaka yeye. Mwambie kijana aweke kwenye simu programu ya kupima waifai. Kwa simu za Android zipo nyingi za bure, achague yoyote inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, kwa kipimo cha dBm. Kama laptop yake ni ya Apple hahitaji hata programu: ashike kitufe cha Option huku akibofya alama ya waifai, namba itatokea.

Namba hizo ni za hasi, na hapo wengi huchanganyikiwa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Ukisimama kando ya rauta utaona kama -35. Kwenye -50 na kitu kila kitu kinakwenda vizuri. Kwa mazungumzo ya video mimi sikubali kitu kilicho dhaifu kuliko -67. Ikifika -75 ukurasa utafunguka kwa kusuasua, na ikifika -80 simu inaonyesha imeunganishwa lakini kazi haifanyiki. Jambo la kukumbuka ni kwamba ngazi hizi hazishuki kwa hesabu ya kawaida. Kila namba ikishuka kwa 3, nguvu imekatika nusu, na ikishuka kwa 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -45 ya sebuleni mpaka -75 ya chumba cha mwisho, kinachofika ni sehemu moja ya elfu. Ndiyo maana mtu anahama hatua nne tu, mambo yanabadilika kabisa.

Atembee taratibu na simu mkononi, asimame sekunde kumi kila mahali na kuandika kwenye karatasi: kando ya rauta, mlango wa sebule, katikati ya korido, mlangoni kwa chumba chake mlango ukiwa wazi, kisha mlango umefungwa, na mwisho mezani anaposomea. Kisha apime kasi ya intaneti sebuleni na mezani kwake. Kama sebuleni anapata 18 au 19 na mezani anapata 1, tumeshajua ugonjwa. Kama hata sebuleni anapata 2, hapo suala ni la mtoa huduma, na hutalitatua kwa kuhamisha vitu ndani ya nyumba.

Hivi karibuni nilipima nyumba iliyofanana sana na yako, korido katikati na bafu kabla ya chumba cha mwisho. Kando ya kabati la televisheni nilipata -36. Nilipofunga milango ya kabati, yenye vioo, ikawa -43. Mlango wa sebule -52, katikati ya korido -61. Niliposimama mlangoni kwa chumba cha mwisho nikapata -70, na nilipokaa kitandani -79. Mwenye nyumba alikuwa analaumu umbali. Umbali unachangia, lakini mahali pasipo na kizuizi ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6 tu, yaani ile namba inashuka kwa 6. Zile nyingine zote zililiwa na kuta.

Kuta zetu hizi, mama, ndizo zenye habari. Rauta nyingi zinauzwa na picha ya nyumba za mbao na jipsamu, ambako ukuta wa ndani unapunguza desibeli 3 au 4. Sisi tunajenga kwa tofali za inchi 6, tunapiga lipu pande zote, juu tunazungusha renta ya zege yenye nondo, na kwenye kona tunasimamisha nguzo za zege. Kwa vipimo vyangu, ukuta mmoja wa tofali uliopigwa lipu unakula kama desibeli 6 hadi 10 kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, na zaidi ya hapo kwenye ya gigahezi 5, aina mbili za mawimbi ya rauta nitakazozieleza mbele. Kuta tatu zinatosha kumaliza kazi. Zege lenye nondo ni baya zaidi ya tofali. Bafu nalo lina mambo yake: vigae, mabomba, na kile kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho mgongoni kina utando wa madini unaorudisha mawimbi yalikotoka. Ndoo na mapipa ya maji yanameza mawimbi. Kabati la chuma na friji ni ukuta kamili. Televisheni yenyewe, ile pana ya kisasa, mgongoni ni bamba la chuma, nawe umeificha rauta nyuma yake.

Halafu kuna kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, nacho ni pembe. Mawimbi yakigonga ukuta kwa kuuelekea moja kwa moja yanavuka unene wake tu, tuseme sentimita 15. Yakiugonga kwa mshazari mkali, yanasafiri ndani ya tofali kwa njia ndefu zaidi. Ukipima kwa rula, mstari ulioinama nyuzi 60 kutoka ule wa moja kwa moja unakata sentimita 30 za ukuta wa sentimita 15. Sasa chora ramani ya nyumba yako kwenye karatasi, weka nukta kwenye kabati la televisheni na nukta nyingine kwenye meza ya kijana, uunganishe kwa rula. Nina hakika mstari wako unakata kuta kwa mshazari na kupita katikati ya bafu. Kisha weka nukta ya rauta kwenye ukuta unaotazama mlango wa korido, upige mstari tena. Utaona sehemu kubwa ya safari sasa inapita hewani, korido tupu, na milango ya mbao ni rahisi kuvuka kuliko tofali.

Katika nyumba ile niliyokwambia, tulitoa rauta kabatini, tukaipandisha kwenye kirafu usawa wa kichwa cha mtu, mita mbili na nusu kutoka ilipokuwa, ikitazama mlango wa korido. Kitandani ikapanda kutoka -79 hadi -68. Hatukununua kitu, isipokuwa kirafu na skrubu.

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza kwako: itoe rauta kabatini, ipandishe juu, isogeze upande wa korido. Angalizo moja tu. Ule waya mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kifaa ndani yake ni kioo. Usiukunje kama waya wa pasi, usiuvute, wala usiufungie fundo ili kuufupisha. Kama una vifaa viwili, kimoja cha faiba na kingine rauta, acha cha faiba kilipo na uhamishe rauta peke yake kwa kebo ya mtandao ndefu zaidi. Kama ni kifaa kimoja kinachofanya yote, mpigie mtoa huduma umwombe fundi aje na waya mrefu wa faiba. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua.

Kama rauta ina antena za nje, zisimamishe wima. Watu huzielekeza kwenye chumba kibovu kama mtu anayenyoosha kidole, na hapo wanajikosesha, kwa sababu antena ya namna hiyo inatoa mawimbi kuizunguka ubavuni, na kwenye ncha yake karibu hakuna kitu. Kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, wima ndiyo sahihi. Mwenye ghorofa anaweza kulaza moja.

Upande wa mipangilio nitapita haraka, maana haufanyi miujiza, ila una faida yake. Rauta za kisasa zinatoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya 5. Yale ya 5 yana kasi lakini yanachoka mapema ukutani, na yale ya 2.4 yanapenya mbali zaidi. Kijana atenganishe majina ya hizo mbili, kisha laptop yake iunganishwe na ile ya 2.4 kwa muda huu. Kwenye 2.4 achague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameitumia kidogo, kwani hizo ndizo tatu zisizoingiliana, na upana wa chaneli auweke megahezi 20. Tegeta kwenye nyumba zenye uwanja hutaona shida kubwa, lakini kwa wanaoishi kwenye maghorofa ya Kariakoo au Upanga, ambako simu moja inaona majina arobaini ya waifai, hatua hii peke yake huleta nafuu. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa hayohayo ya karibu 2.45, kwa hiyo kama video inaganda kila mtu anapopasha chakula, mmeshajua sababu.

Usishawishike kununua rauta yenye antena nane kwa matumaini kwamba itapiga mawimbi mpaka uani. Mawasiliano haya ni ya pande mbili. Rauta ikipaza sauti, laptop itaisikia, lakini laptop nayo lazima ijibu, na antena yake ni ndogo, imefichwa kwenye fremu ya kioo. Rauta isipoisikia, hakuna mazungumzo. Ndiyo maana unaweza kuona alama zimejaa na bado ukurasa haufunguki.

Sasa tuje kwenye kidude chako. Kidude hicho hakitengenezi intaneti, kinarudia kile kinachosikia. Umekichomeka chumbani kwa kijana, mahali ambapo mawimbi ya rauta huenda yanafika kwa -78 hivi. Ni sawa na kumweka mtu nyuma kabisa ya mkutano wa hadhara, asikosikia mzungumzaji, halafu ukamwambia awarudie wenzake kwa kipaza sauti. Wenzake watamsikia vizuri sana, na ndizo hizo alama zilizojaa, lakini anarudia maneno ambayo hata yeye hakuyapata. Kihamishie korido, mahali ambapo simu inasoma -60 au nguvu zaidi, palipo na njia ya wazi kuelekea mlango wa chumba chake. Hapo kitasaidia leo hii.

Lakini usitegemee makubwa. Vidude vingi vya bei ya kawaida vina redio moja inayosikiliza na kusema kwa zamu, kwa hiyo kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili, na kasi inashuka karibu nusu. Kwa megabiti zako 20 nusu inamtosha kijana. Kinachonisumbua mimi ni uthabiti: kinakwenda vizuri saa nzima, kisha jirani anafungua rauta yake, au mtu anasimama korido, na mtihani wa mtandaoni unakatika katikati. Siku ya mtihani nusu ya kasi siyo tatizo, kukatika ndiko tatizo.

Na kuna madhara yanayowagusa wote nyumbani. Kifaa chenye mawimbi dhaifu kinaongea polepole ili kisikike, na kinapoongea wengine wote wanasubiri, maana hewa ni moja. Laptop ya chumba cha mwisho ikihangaika kwa -78, hata televisheni ya sebuleni inachelewa. Ukimtibu kijana, umeitibu nyumba nzima.

Tiba ninayoiamini ni waya. Nasema hivi nikijua kwamba madukani utaambiwa waya ni mambo ya zamani. Chukua kebo ya mtandao kutoka nyuma ya rauta, ipitishe juu ya dari mpaka chumba cha mwisho, na pale chumbani weka kifaa kidogo cha kutoa waifai, ambacho mafundi wanakiita AP. Tofali haliwezi kitu mbele ya kebo. Kebo ya Cat5e inabeba hadi gigabiti 1 kwa umbali wa mita 100, na nyumba yako haifiki hata robo ya hapo.

Sasa kigeuze kile kidude chako uangalie ubavuni au chini yake. Vingi vina tundu la kebo ya mtandao, la mraba, kubwa kidogo kuliko lile la simu za mezani za zamani. Kama lako lipo, fungua mipangilio yake utafute sehemu ya kubadilisha aina ya kazi, kutoka kurudia mawimbi kwenda AP. Ukishabadilisha na kuchomeka kebo, hakirudii tena mawimbi dhaifu ya ukutani. Kinapokea intaneti nzima kwa waya na kuitoa chumbani ikiwa mpya. Fedha uliyotumia haikupotea. Kama hakina tundu, rauta yoyote ya zamani iliyolala kwenye droo inaweza kufanya kazi hiyo: mzimie ile kazi ya kugawa anwani, inayoandikwa DHCP, mpe anwani yake mwenyewe isiyogongana na rauta kubwa, kwa mfano kubwa ikiwa 192.168.1.1 huyu awe 192.168.1.2, na uchomeke kebo kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN lenye rangi tofauti. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hilo la WAN. Nyumba inakuwa na mitandao miwili ndani ya mmoja, printa ya sebuleni haionekani chumbani, na hakuna anayejua kwa nini.

Jina la waifai na nywila viwe vilevile vya rauta kubwa, ila chaneli iwe tofauti. Kubwa ikiwa kwenye 1, hiki kiwe kwenye 11. Laptop itajichagulia ya karibu. Simu nyingine hung'ang'ania ile ya mbali hata ukifika chumbani, basi punguza kidogo nguvu ya kutoa mawimbi ya vifaa vyote viwili, zitaachia zenyewe. Watu hunishangaa ninapopunguza nguvu ili mtandao uwe mzuri, lakini ndivyo ilivyo.

Kwenye kununua kebo kuwa mkali. Zipo nyingi ambazo nyaya zake za ndani ni alumini iliyopakwa shaba, siyo shaba tupu. Omba kipande, vua ganda, kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe wa fedha chini ya rangi ya shaba, irudishe. Alumini inakatika inapokunjwa, na haifai ukitaka kupitisha umeme ndani yake. Nunua mita za ziada tatu au nne, maana juu ya dari njia hainyooki kama kwenye karatasi.

Kuipitisha, mwambie fundi aingie juu ya dari asubuhi mapema, kabla bati halijawa moto. Kebo isilazwe sambamba na nyaya za umeme wala isipitishwe kwenye bomba lilelile la umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Iwekwe ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu panya wa juu ya dari hawana huruma, na nimewahi kufukuzia mtandao uliokufa siku mbili nzima, mwisho nikakuta alama za meno. Ikishuka chumbani, ishuke kwenye kona ndani ya kile kijifereji cheupe cha plastiki chenye kifuniko, isining'inie. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki dari iguswe, kuna kebo bapa nyembamba inayopita chini ya mlango na kufuata ukingo wa sakafu ya korido. Haina sura nzuri lakini inafanya kazi.

Kwenye kichwa cha kebo, rangi zifuate mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Msimamie fundi aipime na kifaa chenye taa nane, na taa zote ziwake kwa zamu. Wapo wanaobania nyaya nne tu zinazotosha kuwasha taa ya rauta, wanalipwa na kuondoka. Intaneti itapita, lakini kebo imenyimwa kasi yake na ukomo unakuwa megabiti 100. Leo hutaona tofauti kwa kifurushi chako, ila umelipia kazi kamili.

Kuna suala la umeme, kwa sababu ukikatika wakati wa kipindi kazi yote hii haina maana. Kifaa cha chumbani kinahitaji umeme wake, na cha sebuleni vilevile. Kama utanunua AP mpya, chukua inayopokea umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, mafundi wanaita PoE. Hapo betri moja ndogo ya rauta pale sebuleni inaweza kuwasha vyote viwili. Hakikisha tu kwamba kinachotuma umeme na kinachopokea ni vya mfumo mmoja na volti moja, maana kuna vya volti 24 na vya 48, na kuvichanganya kunaweza kuunguza.

Utasikia pia habari za vidude vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za ukutani. Vinafanya kazi, ila vinategemea sana nyaya za nyumba. Vichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye soketi ya kurefusha yenye kinga ya umeme. Nyumba yenye umeme wa fezi tatu inaweza kuwa na chumba cha mwisho kwenye fezi nyingine, na hapo vinasuasua au havionani kabisa. Mimi huvifunga pale tu dari haifikiki. Ile mifumo ya vituo viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe, inayouzwa kama meshi, ni mizuri kuliko kidude cha kurudia, lakini nayo ikitegemea hewa kuvuka kuta nne za tofali itachoka vilevile. Ukiivutia waya ndipo inang'aa.

Nimejifunza kuheshimu waya katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Kule kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Nilikuwa na rauta nzuri, ya bei kubwa, na ilikufa kwenye ukuta wa pili. Kutoboa ukuta wa namna ile huthubutu bila kibali. Tulipitisha kebo nyembamba kwenye ngazi, juu ya fremu za milango, na kila sakafu ikapata kituo chake kidogo. Rauta ile ya bei kubwa ilirudishwa dukani.

Kwa wasomaji wengine wanaotumia rauta ya laini, isiyo na faiba, mambo ni hayohayo ila kuna mvutano wa ziada: rauta inataka kukaa dirishani inakosikia mnara, na nyumba inataka ikae katikati. Iacheni dirishani, halafu vuteni kebo kutoka hapo kwenda kwenye AP katikati. Kuileta korido ili waifai ifike kote, huku yenyewe haisikii mnara, ni kugawa kisichokuwepo.

Tukirudi kwako, mama. Leo jioni toa rauta kabatini na uhamishie kidude korido, kijana apime upya mezani kwake. Ikisoma -67 au nguvu zaidi na kipindi kikaisha bila kuganda, una muda wa kutafuta fundi wa dari bila haraka. Isipofika hapo, usingoje, anza na kebo. Ukimaliza kuifunga na kidude kikawa AP juu ya meza yake, simu inatakiwa isome -40 na kitu mlango ukiwa umefungwa, na kasi iwe ileile ya sebuleni. Ikiwa namba ni nzuri hivyo na kasi bado ndogo, kosa lipo kwenye vichwa vya kebo. Mrudishe fundi na kifaa chake cha taa nane kabla hujamlipa sehemu iliyobaki.